Risasi Bila Mlio

Nyuma ya kiwanda cha betri, njia ya Kakuyuni,
pale ukuta ulipobomolewa na wauza vyuma chakavu,
ukoka uliota kijani kuliko shamba la mtu yeyote.
Mimi ndiye niliyeuona kwanza. Nilishukuru.
Kiangazi kilikuwa cha pili mfululizo
na mundu wangu haukuwa umekula kitu tangu Pasaka.

Mzigo shilingi hamsini.
Mitatu kwa Nzai mwenye mbuzi, kule Muyeye,
mitatu kwa Mwana Aziza na ng'ombe wake mmoja, Njiwa,
mweupe, baka jeusi shingoni,
ambaye akisikia ndara zangu uchochoroni
hulia kabla sijabisha hodi.

Mvua ilipochelewa tena, Njiwa akaanza kuzunguka.
Akasaga meno. Akasukuma ukuta kwa paji la uso
kama anayetafuta mlango uliokuwapo jana.
Akapofuka, macho wazi.
Daktari wa mifugo alimpasua, akapeleka ini mjini,
akarudi na neno moja: risasi.
Mwana Aziza akaruka. "Nani kampiga?
Mbona hatukusikia mlio?"
Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha.
"Si ya bunduki, mama. Ya madini. Kaila."

Nilitazama ndara zangu.

Akaja kijana wa maabara, Swabir,
na bahasha za kaki na kalamu ya wino mzito.
Aling'oa ukoka mzimamzima, akauosha kama mchicha,
akaandika: Mzizi. Shina. Jani.
"Mzizi ndio hushika nyingi," akaniambia,
"jani hupewa kidogo."
Nikapumua. Mimi nakata majani tu,
mizizi sijapata kumuuzia mtu.
"Kidogo," akasema, "kila siku."

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi:
nimelisikia hilo tangu nikiwa mgongoni.
Hizi hazikuumia. Hizi zilinawiri.
Zilikunywa walichomwaga walioondoka bila kuaga,
zikakitunza, bila kinyongo, bila kumwambia mtu,
mpaka akatokea mwenye njaa na mundu.

Sasa pamezungushiwa seng'enge
na mimi nimeajiriwa humo humo.
Nakata ukoka ule ule, nimevaa glovu,
nautia pipani, pipa linafungwa,
linapelekwa nisikokujua.
Mzigo shilingi mia mbili.
(Ulipokuwa ukiliwa, ulikuwa hamsini.)
Swabir anasema nyasi zinaivuta risasi polepole,
tukivuna miaka thelathini udongo huenda ukapona.
Nimepiga hesabu: nitakuwa na themanini na moja.

Jioni napitia kwa Mwana Aziza.
Hajaniuliza majani yale yalitoka wapi.
Hunipa chai ya rangi, maziwa siku hizi hanunui.
Mjukuu wake, Nabhani, aliyenyweshwa Njiwa
asubuhi na usiku, kikombe cha bati,
ametimiza minne na bado anatafuta neno la kwanza.
Akisikia ndara zangu uchochoroni
hugeuza kichwa, hufungua mdomo.

Nami husimama hapo nje, mkono juu,
sijabisha hodi.