Boya

Pikapu ni ya mwaka themanini na tisa.
Mlango wa abiria hufunguliwa kwa ndani tu,
na geji yake ya mafuta ina tabia za mdaiwa:
ukiikazia macho, inapanda;
ukigeuka kutazama barabara, imeanguka.

Jumatano ilisema robo tatu.
Gari likanizimikia karibu na daraja la Mtaa wa Kumi na Nane,
hapa Brandon, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nikitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali.
Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvika.
Langu liliisha kimya,
na mshale bado umeinuka
kama mtoto darasani anayedhani anajua jibu.

"Gonga dashibodi," Shekue akaniambia kwenye simu, akicheka.
Niligonga. Mshale ukashuka, ukapanda, ukatulia palepale.

Basi nikaishi kwa daftari:
kilomita nilizokwenda, lita nilizotia,
tarehe, na pembeni, kwa kalamu nyekundu,
*usiiamini.*

Jumamosi Orest Hnatiuk, jirani, akanifungulia gereji yake.
Si mtu wa maneno. Huonyesha kwa bisibisi.
Fyuzi: nzima.
Waya wa ethi, pale unaposhikana na chasisi:
kijani, unga mtupu.
Ni chumvi wanayoimwaga barabarani tangu Novemba.
Kwetu Korogwe bibi hakuitaja chumvi kwa jina usiku,
alisema "ile nyeupe," asije akaita mengine.
Huku wanaimwaga kwa malori, usiku huohuo, tena kwa kelele.

Tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa.
Mshale ukaacha kurukaruka.
Haukuacha kusema uongo.

Orest akachomoa waya wa tangi, akaugusisha kwenye bodi.
"Tazama," akasema, nami nikiwa kwenye usukani.
Mshale ukapanda polepole, kama mtu anayeinuka mkekani,
hadi ukafika kwenye F.
Akauachia. Ukashuka hadi E.
Geji haina kosa. Waya hauna kosa.
Mwongo yuko ndani.

Bolti mbili zilikatika kabla tangi halijashuka.
Tukatoa kile kijiti chenye boya mwishoni,
boya la shaba, dogo kama yai la kanga.
Orest akalitikisa sikioni: kavu, zima.
Ila bawaba imeshika kutu,
na mkono umekwama juu, robo tatu,
mafuta yalishashuka, yakauacha hapo,
na juu kule boya likiendelea kutoa habari za juzi.

Mtaani kwetu boya ni tusi:
mtu ambaye mambo yameisha na yeye hana taarifa.
Nililishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kila Jumapili mama hupiga.
Hujambo? Sijambo.
Umekula? Nimekula.
Kazi? Ipo. (Walishapunguza zamu tangu Januari.)
Na anajua, nadhani, maana huuliza mara mbili,
ananigonga dashibodi.

Tukasafisha bawaba, tone la mafuta, msasa tena,
mkono ukacheza juu na chini bila kunung'unika.
Nikatia lita kumi, nikasubiri. Kumi nyingine.
Mshale ukafuata nyuma, mpole, ukihesabu nami.
Orest alikataa pesa. Alichukua achari ya ndimu,
akaonja kwa ncha ya kisu,
akakaa chini.

Jumapili simu ikalia, nikiwa nimeegesha, injini inanguruma,
mshale chini kidogo ya nusu, na nusu ni nusu kweli.
"Hujambo, mwanangu?"
Nikatazama geji.
"Niko robo, mama."
Kimya. Kuku wake wakasikika.
"Robo ya nini, tena?"
Nikazima injini, nisimalize mafuta,
maana maelezo yalikuwa marefu.