Wikio

Nyumba yetu na nyumba ya Ami Shee
zimeshikana mikono juu ya kichochoro.
Chini hupita punda na mifuko ya saruji,
juu hupita habari.

Hapo wikioni, kwenye mkeka uliokwisha pembe,
nilifundishwa damu ni nini.
Sikufundishwa na mama. Mama alinipa kitambaa,
akageukia zidaka, akafuta vikombe vilivyokuwa safi.
Ni Shangazi Barke, muuguzi, ukili mkononi,
aliyesema, "Ndoo, keti. Yeo hatufumbi fumbo,"
akanihesabia siku za mwezi kwa miyaa:
hapa yai, hapa tahadhari, hapa pumzika,
na popote pale, mwanangu,
ukisema sitaki, usiongeze cheko.

Bibi Mwanamize akakohoa.
"Barke, kuta hizi zina masikio."
"Basi na zisikie, mama. Huenda nazo zina wajukuu."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Wanawake saba walizungumza hadi adhana ya alasiri:
mimba ya jirani iliyoitwa uvimbe,
yule aliyeolewa akidhani mtoto hutokea kitovuni,
mizizi ya kuchemsha iliyomlaza fulani
(jina lake likamezwa pamoja na chai).
Walicheka hadi wakalia.
Mmoja alilia tu.
Nikayaweka yote, kama iliki mkebeni,
sijui lini pishi litaitaka.

Lakini wikio lina milango miwili.
Nyuma ya ule wa pili, kwa wanaume,
ilikuwa mpira, bei ya kamba, uchaguzi,
mpira tena.

Lali wa Ami Shee, tulizaliwa mwaka mmoja,
tukagawana hata surua.
Alipotimiza kumi na minane
akaanza kutembea kama mwenye mwiba
asiyejua auonyeshe wapi.
"Mkojo unawaka," alimwambia babake dakani.
Ami alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.
"Ni jua hilo. Nywa madafu."
Mjomba mmoja akasema kichocho.
Mwingine akasema husuda.
Binamu wa Mombasa akatuma picha ya vidonge,
nusu vyekundu, nusu vyeusi, havina jina.
Lali akanywa madafu ishirini na moja.
Nilijua, kwa kuwa makaka nilitupa mimi.

Usiku ule niligonga mlango wa pili.
Tukasimama, mgongo kwa mgongo,
mimi naangalia kichochoro, yeye ukuta,
maana nyuso zingetushinda.
Nikamtajia ugonjwa kwa jina lake.
Nikamwambia unatibika, si kwa madafu.
Kesho saa mbili Shangazi yuko zamu,
hatakuuliza wa nani, anajua wa nani.
Na huyo mwenzako, yeyote awaye,
naye aambiwe, naye atibiwe,
usimwache peke yake na jua lake.

Kimya. Paka wawili wakagombana chini.
"Wewe umeyajuaje haya?"
"Nina wanawake saba."
"Mimi nina wanaume tisa," akasema.

Hatukucheka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya wali,
Shangazi Barke alivuka wikio na ukili wake,
akaketi kati ya kaka zake kama aliyeitwa.
Hakumtaja Lali. Alitaja miyaa:
huu mwili wa mvulana unapobadilika,
haya maradhi, hii kinga,
huyu msichana wa watu naye ana mwili.
Bibi hakukohoa.
Twalib wa miaka kumi na miwili akajifanya analala,
jicho moja wazi kama dirisha la duka.

Ami Shee aliinuka atoke.
Mlangoni akasimama, viatu mkononi,
hakutoka, hakuketi.

"Lile la madafu," alisema, akiviambia viatu,
"mimi niliambiwa na baba."