Alama ya Njano

Nugzar alileta gari likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mawe,
Subaru ya kijani, boneti ina pua ya kuvutia upepo,
na karatasi ndani ya plastiki kama cheti cha ubatizo:
Injini mpya. Pistoni za kufuliwa. Turbo kubwa. Farasi mia nne.
Aliinunua sokoni Rustavi, mwezi wa nne.
Mwezi wa tano, akipanda mlima wa Rikoti,
ikagonga.
Siyo kelele, alisema. Kama mtu mlangoni.

Nikamwambia: acha ufunguo. Pesa tutaongea nikishaona.

Usiku huo mvua ilinyesha Kutaisi, ile isiyo na haraka.
Tuliinyanyua injini, mimi na Gocha, kwa winchi ya marehemu baba,
tukailaza mezani. Boksa: pistoni mbili huku, mbili huku,
zinarushiana ngumi maisha yao yote bila kugusana.

Kwanza turbo. Nilishika feni yake kwa vidole viwili,
ikacheza kama jino la mtoto.
Bomba la kurudishia oili limepindwa, likafungwa kwa waya wa umeme,
wa bluu, wa nyumbani,
wa taa ya chooni.

Kisha sampu.
Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huyu bwana aliziba.
Aliziba ufa, akaziba na palipokuwa pazima,
silikoni nyekundu imefurika ndani kama ufizi,
ikakatika, vipande vikasafiri na oili
mpaka kwenye chujio, vikakaa,
na beringi ya tatu ikafa kwa kiu
juu ya sampu iliyojaa.

Gocha akacheka. Halafu akaacha kucheka.
Silinda ya pili, ringi zimewekwa juu chini.
Pistoni za kufuliwa? Zilifuliwa, ndiyo,
kwa petroli na brashi, zikapakwa rangi nyeusi.
Chini ya mguu wa pampu, mahali pa washa,
kipande cha kopo la bia kilichokatwa kwa mkasi,
nusu ya jina la bia bado inasomeka.

Lakini hapo sikukasirika. Ufundi mbovu naujua,
nimekula mkate wake miaka kumi na tisa:
wao huharibu, mimi hulipwa.
Nilikasirika nilipofika kwenye bolti za koniroadi.
Kila moja ina mstari wa njano, umenyooka, safi,
mstari ambao fundi huuchora akishakaza kwa spana ya kipimo
ili mkono wa kesho ujue: hii nimeimaliza.
Nikaweka spana. Ya kwanza ikaachia
kama kifuniko cha chupa ya jana.
Ya pili hivyo hivyo. Nane zote.
Alama ipo. Kazi haipo.

Nikatamka maneno ambayo mama hajui kama ninayajua.
"Labda alisahau, Nestan," Gocha akasema.
Mtu hasahau mara nane.

Nikatoka kuvuta sigara chini ya bati,
na ndipo ikaja, bila kuitwa, ile Opel nyeupe.
Baridi kali, umeme umekatika, mwenye gari
anapiga miguu sakafuni apate joto, anatazama saa.
Hedi, bolti kumi. Nilichora alama kumi kwanza,
tochi mdomoni, kurahisisha,
kisha nikawa nakaza, nahesabu,
simu ikalia.
Tisa nina hakika.
Alilipa, akashika njia ya Zugdidi, kiti cha mtoto nyuma.
Sikumwona tena. Ama hedi ilikaa,
ama hakuona sababu ya kunirudia.

Nikaingia ndani. Gocha alikuwa amezipanga bolti nane
juu ya gazeti, kila moja na mstari wake.
Nikampa tambara na kopo la tina.
"Futa hiyo rangi."
"Lakini hizi si tunatupa? Tunaweka mpya."
"Tunatupa," nikasema. "Futa."