Papai Bichi

Zamu ya usiku. Feni ya maabara inalalamika
na Makupa huko nje haijalala.
Nimeinama juu ya hadubini,
natazama damu ya Mwinyihaji, mtoto wa dada yangu.

Seli nyingi zina umbo lake:
kitumbua kilichobonyezwa kidole katikati.
Nyingine zimejipinda.
Vitabu huziita mundu; mimi naona maganda ya ukwaju.

Marehemu baba alikuwa fundi wa dari, Kuze.
"Ukuta ni uso tu," alikuwa akisema, "uliza boriti."
Akazigonga kwa kifundo cha kidole, sikio juu, kinywa wazi.

Seli nayo ina boriti zake:
nyuzi za protini zilizosukwa chini ya utando,
zinaachia, zinashika tena,
seli ikapenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe
ikatokea upande wa pili na umbo lake lile lile.
(Jaribu wewe kupita Marikiti mkesha wa Idi.)

Kwa Mwinyihaji, kiungo kimoja cha hemoglobini kimekosewa,
cha sita katika mnyororo wa mia na arobaini na sita.
Hewa ikipungua, zinashikana, zinakuwa fimbo,
boriti ambazo hakuna fundi aliyeziagiza,
zikausukuma ukuta kutoka ndani.

Mama yake, Mwanapili, anauza mishkaki Bondeni.
Nyama ya ng'ombe mzee, ngumu kama deni:
huipaka utomvu wa papai bichi, akaifunika, akaenda kuswali.
Akirudi imelegea.
Nilimweleza siku moja: ndani ya papai mna protini
inayokata protini nyingine, kiungo baada ya kiungo,
na yenyewe haipungui.
"Kama mama mkwe wangu," akasema.
Nikaendelea: ziko zinazounga, ziko zinazobandika
punje ya fosfati mahali, na kilicholala kikaamka.
Akageuza mshikaki. Mafuta yakalia motoni.
"Basi mbona papai lako halimjui mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Nainua kioo chembamba, hewa iingie.
Nangoja. Ukwaju mmoja unatikisika,
unajinyoosha, unanenepa, unarudi kitumbua.
Mmoja tu. Jirani yake amebaki vile vile.
Naandika namba kwenye daftari,
kisha nagonga meza kwa kifundo cha kidole
na kusikiliza.