Nukta ya Chini Kushoto

Kwenye kioo, barafu ni nyeusi.
Ndivyo negativu ilivyo: usiku juu ya kilele,
anga la masizi, misonobari imewaka
myeupe kama miiba ya samaki.
Nakiinua kwa ncha za vidole,
kama apokeavyo mtu mtoto asiye wake,
maana kina miaka mia na kumi na saba
na ufa mmoja, toka ukingoni hadi mawinguni.

Hoteli ya bondeni imeagiza nakala kumi na mbili,
karatasi ya pamba, fremu nyeusi nyembamba,
moja kwa kila chumba kisichouona mlima.
Bwana Runggaldier ni mpole, tena ana haraka.
Aliweka ukucha juu ya sampuli:
"Hili doa hapa chini kushoto, liondoe.
Na ufa pia. Wageni wanautaka mlima peke yake."

Nikachukua lenzi.
Doa lilikuwa na sketi.

Nilikutafuta katika daftari la mpiga picha,
lile lililoshuka na masanduku kutoka dari ya akina Ploner:
bei ya dawa, bei ya jibini,
kodi ya nyumbu aliyechechemea njiani wakamwacha,
kisha, kwa mwandiko ulioinama kama mtu apandaye:
Menia wa Tavella. Vioo, kilo kumi na nane.
Siku mbili. Korona tatu. Viatu vyake mwenyewe.

Viatu vyake mwenyewe.
Kwa nini aliona haja ya kuyaandika hayo?

Jina lake yeye limegongwa kwa nta kwenye kila sanduku.
Wewe ulilibeba anga lake mgongoni,
likilia kwa sauti ya kioo kila ulipoteleza.
Sijui kama alikuweka pale makusudi.
Labda alikusahau. Labda uliketi tu
kutoa jiwe kiatuni,
na nuru, isiyochagua, ikakuchukua.

Nikafanya nilivyoagizwa. Kodi ya karakana haingoji.
Kwenye filamu ya nakala, kwa brashi ya manyoya matatu,
nilikufuta: sketi, mgongo, kitambaa cha kichwa.
Kazi ya dakika arobaini.
Chini ya taa nyekundu nikaitikisa trei,
ikaja misonobari, ikaja miamba,
na mlima ukaja mdogo.

Hakuna aliyeugusa. Lakini lile genge la mita elfu
lilikuwa sasa kokoto ndani ya sahani,
ningeweza kulifunika kwa kiganja.
Haukuwa na wa kuupima.
Urefu wake wote ulikuwa umeketi chini kushoto,
unavua kiatu.

Nilimpigia simu Bwana Runggaldier.
Alinisikiliza mpaka mwisho, sikatai.
"Ni ya ukutani tu," akasema, "Filumena, ni ya ukutani."
Zikaenda kumi na mbili, safi, bila ufa, bila wewe.

Jumapili nilipanda hadi pale ulipoketi.
Kuna changarawe, na nguzo ya chuma yenye mwaka:
barafu iliishia hapa. Kwa sasa imekwea juu sana,
kipande cha kijivu chini ya kilele,
kama kola ya shati lililofuliwa kupita kiasi.
Nilikaa. Jiwe liliingia kiatuni, kweli,
nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Usiku ule nilikichapa kioo chenyewe, hakuna brashi.
Ukaja ufa. Ukaja wewe.
Na barafu, ile barafu yote waliyoipiga picha
wakidhani haina pa kwenda,
haikuja: ni mahali ambapo fedha haikushika,
pamba tupu, karatasi niliyoiacha kama ilivyo.
Sina namna nyingine ya kuitunza.

Imekauka sasa, imejikunja pembeni;
nimeilaza chini ya kamusi mbili na pasi.
Chini yake, kwa penseli:
Kioo: Ploner. Mabega: Menia wa Tavella.
Na namba ya nakala, kama desturi itakavyo:
ya kumi na tatu kati ya kumi na mbili.