Tairi la Katikati

Baldovino Cárcamo hauzi tairi kabla hajakuuliza unakwenda wapi.
Si ndotoni. Jumanne. Jumatano.
Nikamwambia: shule, kilomita nane za lami;
zahanati ninakofua mashuka, lami;
duka la mikate, lami yenye viraka.
Na Jumamosi?
Jumamosi napanda kwa baba: changarawe kilomita ishirini na moja,
kijito kisicho na daraja, geti.

Akaviringisha matatu, akayalaza sakafuni.

La kwanza, mistari yake myembamba kama ya daftari.
Hili halinywi mafuta, alisema, halipigi kelele,
na mvua ikinyesha linashika lami
kama mtoto ashikavyo sketi ya mamaye sokoni.
Lakini ubavu wake ni karatasi. Jiwe moja tu
na utakuwa unatafuta jeki gizani.

La tatu sikutaka alieleze.
Nalijua. Meno kama ngumi, mapengo ya kupitisha mkono.
Rosendo alinunua manne ya aina hiyo mwaka tuliooana,
akapiga picha nayo kabla hajapiga nami.
Topeni yalikuwa wafalme, sikatai:
yalitema udongo, yakatoka pale trekta lilipolala siku mbili.
Ila tope letu ni la wiki tatu kwa mwaka.
Wiki zilizobaki tulilipa
kwenye pampu ya mafuta, kwa usukani unaotetemeka,
kwa breki ile ya kona ya mto Simpson, lami imelowa,
gari likienda upande wake na sisi upande wetu.
Rosendo alihamia Punta Arenas. Matairi akaniachia.

La katikati Baldovino aliligonga kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikiti maji.
Kashata zimesogeleana, zimechanjwa vijistari vya barafu,
na mabegani zimeota meno machache, yenye adabu.
Akatumbukiza sarafu ya peso mia: ikazama nusu.
"Si bingwa wa lolote," alisema.
"Kelele kidogo. Mafuta kidogo zaidi. Tope la kiunoni usiliombe.
Lakini litakupeleka na litakurudisha."

Mshika mawili, moja humponyoka.
Nikamuuliza, hapa kitaponyoka kipi?
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Hilo utakuja kuniambia wewe."

Nililipa kwa mafungu matatu.

Jumamosi, lami ilipokatika, nikashuka nikapunguza upepo
hadi ishirini na nne, kila tairi likipumua kwa zamu
kama ng'ombe waliolala.
Kijitoni mawe yaliviringika chini yangu,
maji yakapanda hadi ekseli,
nikalisikia tairi linatafuta, linatafuta, limepata.
Nikacheka peke yangu, na cheko langu nikalisikia.
Miaka sita sikuwahi kujisikia ndani ya gari lile.

Kwa baba hapakuwa na moshi.
Birika baridi. Yeye zizini, mgongo umenielekea,
anapunguza kwato za kondoo.
Nilipomgusa bega, aliruka.
"Umefikaje?"
"Kwa gari, baba."
"Sikukusikia."

Ndipo akanieleza, kisu bado mkononi:
miaka yote ile, matairi ya yule mjinga
yaliunguruma tangu ukingo wa mlima,
robo saa kabla sijafika,
na ndiyo robo saa aliyokuwa akiosha uso,
akibadili shati, akibandika birika.

Nami nilidhani shati lake ni safi siku zote.

Sasa nikifika ukingoni napiga honi mara mbili,
nazima injini, nachuchumaa kando ya gurudumu.
Changarawe hukwama kwenye kashata, hilo nalo Baldovino hakulisema.
Naichokoa kwa bisibisi, kijiwe kimoja kimoja,
mpaka nione moshi.