Kauli ya Kutendwa

Darasa letu ni stoo ya zamani ya chama cha msingi, Tandahimba,
saa kumi na mbili jioni, jenereta likikubali.
Tunakalia mabunda ya magunia matupu.
Ubao umeegemezwa kwenye mizani iliyokufa.

Wiki ya kwanza niligundua kwamba Mwingereza hana njaa:
yeye huwa njaa, mwili mzima, kuanzia unyayo.
Mimi niko na njaa tu,
kama mtu aliye na mgeni. Kesho ataaga.
Nikacheka, nikaandika: Ai em hangri.
Usiku kucha sentensi ile ikanikaa tumboni.

Wiki ya pili, hi na shi.
Mwalimu Nandonde akasema, kabla hujafungua mdomo uamue,
mume au mke.
Kwetu "anapalilia" inatosha. Jasho halina ndevu.
Lakini kitabu kinasema: mkulima, hi.
Mkulima tena, hi. Mkulima, hi, ukurasa mzima.
Nikachukua kalamu, nikaongeza S,
moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtu anayepandikiza,
S ya mama yangu Asumini
aliyeniachia mikorosho arobaini na miwili
na goti linalojua mvua kabla ya redio.

Halafu du.
Du hutangulia mbele ya swali
kama mtoto aliyetumwa kupiga hodi:
akishafunguliwa, wakubwa wanaingia, yeye anabaki nje.
Nikauliza, maana yake nini?
Mwalimu akafikiri.
"Haina maana. Ina kazi."
Nikawakumbuka watu wengi.

Jana ndipo tukafika kauli ya kutendwa.
Akaandika kwa Kiingereza, chaki ikilia: gunia lilipimwa.
Akaeleza kwamba mtenda unaweza kumwacha,
sentensi itasimama vizuri bila yeye.
Ukitaka, mtaje mwishoni, nyuma ya bai,
kama mkia.
Ukitaka.

Itasimama bila yeye.
Mbona sarufi hii naijua, nikawaza,
nimeisoma miaka tisa kwenye stakabadhi:
malipo yamecheleweshwa,
majina yamehakikiwa,
kilo nne zimepunguzwa, unyevu.
Wa, wa, wa.
Herufi moja nyembamba katikati ya kitenzi
na mtu mzima, mwenye kitambi na pikipiki,
anajificha nyuma yake asionekane hata kivuli.

Nikanyoosha mkono.
"Mwalimu, bai nani?"
"Sentensi haihitaji, Somoe."
"Mimi nahitaji."

Hakuna aliyegeuka.
Ndivyo nilivyojua kwamba wote wameelewa.
Chilumba, karani wa mizani,
anayesoma Kiingereza ili apate kazi ya gesi kule Madimba,
alikuwa bunda la tatu kutoka mlangoni
akitafuta kitu ndani ya kalamu yake.
Alifungua kifuniko. Alifunga.
Jenereta likakohoa, likaendelea.

Kazi ya nyumbani: sentensi tano,
mrudishe mtenda mwanzoni, mahali pake.
Zangu nilimaliza kwa kibatari.
Mbili zina makosa, najua; ile S ya mwisho wa kitenzi
bado inanitoroka, nikiikamata huku inachomoka kule.

Leo alfajiri, hata sijachota maji,
Chilumba kasimama uani na daftari wazi.
Shikamoo hakuna, habari za asubuhi hakuna.
Sentensi ya nne niliiona kichwachini:
Ai, peke yake,
herufi moja iliyonyooka kama kipande cha muhogo
kilichochomekwa ardhini, hakijatoa jani.
Baada yake karatasi imechakaa kwa kusuguliwa kwa kidole.

"Una ufutio?" akaniuliza.

Nikamwambia sina.
Ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu,
nimeufunga fundo pamoja na shilingi mia mbili.